Sir Edward du Cann: mbunge, mwenyekiti wa Lonrho, na jinsi jina lake lilivyochafuka

Dada mmoja wa Eldoret kaniuliza swali ambalo limenifurahisha sana. Anasema amekulia jirani na mashamba ya miwati ya EATEC, sasa anaandika historia ya Lonrho, kampuni ya Kiingereza yenye migodi na mashamba Afrika, pale Kenya, na kila akipekua karatasi za kampuni za miaka ya 80 anakuta mwenyekiti ni Sir Edward du Cann, na huyohuyo anamkuta kwenye orodha ya wabunge wa Uingereza. Anauliza iliwezekanaje mbunge anayekaa bungeni akawa mwenyekiti wa kampuni kubwa namna ile, kwa nini wengine wanaandika kwamba ndiye aliyemfungulia Margaret Thatcher njia ya uwaziri mkuu na wengine wanamtaja kama mtu wa skendo tu, na je, aliwahi kufungwa?

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho manake ndo rahisi. Hakufungwa, hakuna mahakama iliyomkuta na kosa la jinai. Alifariki 2017 akiwa na miaka 93, siku hizo anaishi Kupro. Lakini mtu anaweza asione jela hata siku moja na jina lake likawa limeharibika kabisa, na kwa du Cann ukifuatilia kila tope lilipotokea utakuta ni pale pale: alikubali kuwa mwenyekiti wa kampuni ambazo zilikuwa zinaendeshwa na watu wengine, yeye akaweka jina na heshima yake juu, wao wakafanya wanavyojua. Mimi kazi yangu ni kufundisha historia ya mabenki na makampuni, na sijaona mfano unaoonesha jambo hilo wazi kama huu.

Alizaliwa 1924, akasoma sheria Oxford, vita ya pili akatumikia kwenye boti ndogo za kivita za jeshi la majini. Akagombea ubunge mara mbili akashindwa, halafu Februari 1956 akashinda uchaguzi mdogo wa Taunton kule Somerset kwa tofauti ya kura 657 tu. Akakaa na jimbo hilo mpaka 1987, miaka 31.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapita haraka na mimi naomba usipite. Mwaka 1957, akiwa mbunge mchanga kabisa, alianzisha Unicorn, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Kama una ndugu Tanzania amenunua vipande vya mfuko wa Umoja wa UTT basi unajua inavyofanya kazi, mtu wa kipato cha kawaida ananunua vipande, mfuko unakusanya pesa za maelfu ya watu na kununua hisa za makampuni mengi kwa pamoja ili hatari isikae sehemu moja. Uingereza jambo hilo lilikuwepo tangu miaka ya 30 lakini baada ya vita lilikuwa limelala, na du Cann ni mmoja wa walioliamsha. Mwalimu, karani, mjane mwenye akiba yake, wote wakaweza kuwa na kipande cha uchumi wa nchi. Baadaye Barclays ikauchukua mfuko ule na jina la Unicorn likaendelea kuitwa pamoja na la benki kwa miaka mingi. Hii ilikuwa kazi yake halisi, aliifikiria mwenyewe, akaijenga mwenyewe, na ilifanikiwa. Nasema hivi manake wanaomwandika kama tapeli tangu mwanzo hawamtendei haki.

Kuhusu swali lako la iliwezekanaje, jibu ni kwamba wakati ule hakukuwa na chochote cha kumzuia. Ubunge Uingereza ulichukuliwa kama wito wa mtu mwenye shughuli zake, asubuhi yuko City, eneo la mabenki la London, kwenye ofisi yake, alasiri yuko bungeni Westminster. Waziri ndo alitakiwa kuachia vyeo vya kampuni, mbunge wa kawaida hapana. Hata daftari la kuandikisha maslahi ya wabunge halikuwepo mpaka 1975, na lilikuja baada ya kashfa ya Poulson, yule msanifu majengo aliyekuwa anahonga madiwani na maofisa ili apewe kazi, kashfa iliyomfanya waziri wa mambo ya ndani Reginald Maudling ajiuzulu 1972. Kwa hiyo du Cann kuwa mbunge na mwenyekiti kwa pamoja hakuvunja kanuni yoyote, wenzake wengi walifanya hivyohivyo, hata Jeremy Thorpe kiongozi wa chama cha Liberal alikuwa mkurugenzi wa London and County, benki ambayo ilianguka mwishoni mwa 1973 na kuwaaibisha wote waliokuwa kwenye bodi.

Kisiasa alipanda haraka. Akawa naibu waziri Hazina 1962, mwaka uliofuata akahamia wizara ya biashara, na Januari 1965 akateuliwa mwenyekiti wa chama cha Conservative chini ya Alec Douglas-Home. Miezi michache baadaye Home akaondoka, Edward Heath akachukua uongozi wa chama, na hawa wawili hawakupendana hata kidogo. Heath alikuwa mkavu, hana maneno ya kubembeleza, na du Cann alikuwa mlaini mno, sauti ya taratibu, mkono begani mwa mtu, kila anayeongea naye anaondoka akidhani amekubaliwa. Pale Westminster walikuwa na utani kwamba ukimuuliza saa ngapi atakuuliza ungependa iwe saa ngapi. Mwaka 1967 Heath akamtoa kwenye uenyekiti wa chama, na alipoingia Downing Street 1970 kama waziri mkuu hakumpa wizara yoyote. Ukiniuliza mimi lile lilikuwa kosa kubwa la Heath, manake alimwacha mtu mwenye akili na kinyongo akiwa huru na muda wa kutosha.

Mwaka 1972 wabunge wa Conservative wasio na vyeo wakamchagua du Cann kuongoza kamati yao, ile inayoitwa 1922, akaishika miaka 12. Kwa nje inaonekana kama chama cha wafanyakazi cha wabunge, lakini pale kiongozi wa chama anapoyumba hiyo kamati ndo inabeba ujumbe kwamba watu wamechoka.

Na Heath aliyumba. Alipoteza uchaguzi wa Februari 1974, akapoteza tena Oktoba 10 mwaka uleule. Siku nne tu baadaye viongozi wa kamati ya 1922 wakakutana nyumbani kwa du Cann, mtaa wa Lord North Street, hatua chache kutoka bungeni, wakakubaliana kwamba Heath aruhusu uchaguzi wa kiongozi. Kesho yake wakakutana tena, safari hii mbali na macho ya watu, kwenye ofisi za benki ya Keyser Ullmann mtaa wa Milk Street katikati ya City. Lakini taarifa zilishavuja, walipotoka wakakuta waandishi na kamera wanawasubiri mlangoni, na magazeti yakawabatiza jina la mafia wa Milk Street. Hebu tazama hiyo picha vizuri dada yangu: wabunge wanapanga kumng'oa kiongozi wa chama, na wanapangia kwenye jengo la benki, na mwenyekiti wa hiyo benki ndiye mwenyekiti wa kamati yao. Hakuna aliyekuwepo pale aliyeona tatizo.

Wakati huo wengi walidhani du Cann mwenyewe ndiye atakayegombea. Airey Neave, mbunge aliyekuwa hodari wa kupanga kura, alikuwa anamkusanyia watu. Januari 1975 du Cann akajitoa, akasema sababu za kifamilia, na ni kweli mkewe hakutaka maisha yale, ila na Keyser Ullmann nayo ilikuwa imemkaba koo. Neave akachukua ile orodha ya watu na kazi yote akampelekea Margaret Thatcher. Februari 4 kura zikapigwa, Thatcher 130, Heath 119, Hugh Fraser 16. Heath akajiuzulu usiku uleule, wiki iliyofuata Thatcher akamshinda mgombea mpya, William Whitelaw, kwa 146 dhidi ya 79. Kwa hiyo wanaosema du Cann alimfungulia Thatcher njia wako sahihi kwa maana mbili, alisukuma mpaka uchaguzi ukafanyika, halafu akampisha. Na mimi naamini alimpisha kwa sababu ya benki zaidi kuliko nyumba, mtu mwenye benki inayozama asingeweza kuomba kukabidhiwa chama kikuu cha upinzani kinachojiandaa kuongoza nchi.

Benki yenyewe stori yake iko hivi. Keyser Ullmann ilikuwa benki ya zamani ya City, ya kiasi, heshima tupu. Du Cann akawa mwenyekiti mwanzoni mwa miaka ya 70, na 1972 benki ikainunua Dalton Barton, kampuni ya mikopo ya Jack Dellal, mtu maarufu kwa kucheza dau kubwa kwenye majengo. Bei za majumba na viwanja zilikuwa zinapaa, kila mtu anakopa anunue ofisi auze kesho kwa faida, na benki nyingi ndogo za pembeni zikawa zinachukua pesa za muda mfupi sokoni na kukopesha kwenye majengo ambayo hayauziki kwa haraka. Novemba 1973 riba ya benki kuu ikapandishwa mpaka asilimia 13, wakati huohuo mafuta yanapanda bei baada ya vita ya Mashariki ya Kati, basi soko la majengo likakatika. Waliokopa hawalipi, dhamana walizoweka thamani imeporomoka, waliokuwa wanazikopesha benki wanataka pesa zao. Desemba benki kuu ikaanzisha mpango wa uokoaji ikishirikiana na mabenki makubwa, na Keyser Ullmann ni miongoni mwa zilizookolewa. Wakaguzi wa serikali walipokuja kuandika ripoti waliikosoa vibaya ile mikopo, mingine ya mamilioni ya pauni kwa kijana mmoja mcheza hisa bila dhamana ya maana, na mwenyekiti naye alilaumiwa kwa kutokuwa makini.

Cha kuumiza ni kwamba kuanzia 1974 du Cann alikuwa anaongoza kamati ya bunge ya hesabu za serikali, PAC yao, na watu wa pande zote wanakiri aliifanya kazi ile kwa ustadi mkubwa. Alijua kusoma hesabu, alijua kumbana katibu mkuu wa wizara mpaka aseme pesa imekwenda wapi. Yaani uwezo wa kuuliza maswali magumu alikuwa nao, na benki kuu ikawa inaibeba benki yake kwa sababu maswali yaleyale hayakuulizwa kwenye bodi yake mwenyewe. Akaondoka Keyser Ullmann 1975.

Haya tuje Lonrho, ambako ndo wewe uliko. Du Cann aliingia kwenye bodi mwanzoni mwa miaka ya 70, bosi wa kampuni ni Tiny Rowland. Kampuni ilianzishwa 1909 kuchimba madini na kumiliki ardhi Rhodesia, Rowland akaingia 1961 na kuisambaza Afrika nzima: migodi, sukari, chai, magari, magazeti. Kule Kenya kampuni ilinunua gazeti la Standard 1967, ikawa na EATEC yenu hapo Eldoret, na baadaye mahoteli kama Norfolk ya Nairobi. Na mtindo wa Rowland ulikuwa kutafuta mtu wa karibu na ikulu na kumpa kiti. Nairobi enzi za mzee Kenyatta mkuu wa Lonrho alikuwa Udi Gecaga, mkwe wake Kenyatta, na enzi za Moi akaja Mark Too ambaye kila Mkalenjin wa umri wetu anajua alivyokuwa karibu na Moi.

Watu huwa wanaandika hayo kama vile ni tabia ya Afrika. Si kweli, hata kule London, Rowland alifanya hayohayo, na kabla ya du Cann alimchukua Duncan Sandys. Huyu Sandys aliwahi kuwa mkwe wa Churchill, ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni Kenya na Zanzibar zinapata uhuru Desemba 1963, na ndiye aliyesimamia mazungumzo ya katiba ya Kenya pale Lancaster House mwaka huo. Miaka kumi haijafika anakuwa mwenyekiti wa Lonrho, kampuni inayoishi kwa kujuana na serikali zilezile alizozikabidhi bendera. Mwaka 1973 wakurugenzi wanane wakajaribu kumtoa Rowland, ugomvi ukafika mahakamani, siri zikamwagika, ikajulikana Sandys aliahidiwa fidia ya pauni 130,000 ili aachie mkataba wake wa ushauri, na 100,000 kati ya hizo zilikuwa za kulipwa visiwa vya Cayman kukwepa kodi. Na hii ni wakati serikali inabana nyongeza za mishahara ya wafanyakazi. Mei 15 Heath akasema bungeni kwamba huo ni uso wa ubepari usiopendeza na usiokubalika, maneno ambayo Waingereza wanayanukuu mpaka leo. Wanahisa hawakujali, Mei 31 wakajaa ukumbi wa Central Hall Westminster na kumbakiza Rowland kwa kura nyingi mno, na du Cann alikuwa upande wa Rowland.

Kwetu huku sifa ya kampuni ilikuwa na uzito mwingine. Juni 1978 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaifisha mali za Lonrho Tanzania, ikiituhumu kwamba biashara zake Rhodesia na Afrika Kusini zinahujumu ukombozi. Ukiandika kitabu chako tafadhali usiiache sura hiyo, manake upande wa pili wa Namanga kampuni hiyohiyo ilikuwa inastawi.

Sandys akaondoka 1984, du Cann akachukua uenyekiti huku bado ni mbunge, na mwaka uliofuata akapewa u-Sir. Aliingia wakati Rowland amezama kwenye vita ya Harrods, lile duka kubwa la London. Lonrho ilikuwa imetaka kwa miaka kuinunua House of Fraser yenye duka hilo, serikali ikaizuia, Novemba 1984 Rowland akawauzia ndugu wa ukoo wa Al-Fayed, wafanyabiashara kutoka Misri, asilimia 29.9 ya hisa za House of Fraser kwa pauni milioni 138 akidhani hawana uwezo wa kununua zilizobaki. Machi 1985 wakanunua kampuni yote, pauni milioni 615, na waziri Norman Tebbit akapitisha bila kuipeleka tume ya ushindani. Rowland akachanganyikiwa kwa hasira. Akamwaga pesa kwa wapelelezi, vijitabu na barua kwa kila mbunge, na gazeti la Observer, ambalo Lonrho ililinunua 1981, likageuzwa silaha. Wakaguzi wa serikali walipoandika kwamba akina Fayed walidanganya kuhusu ukoo wao na chanzo cha utajiri wao, serikali ikaifungia ripoti. Nakala ikamfikia Rowland. Machi 30, 1989, siku ya Alhamisi, siku ya mkutano mkuu wa wanahisa wa Lonrho, likatoka toleo maalum la Observer, gazeti la Jumapili likauzwa Alhamisi, kurasa 16 zimejaa ripoti. Serikali ikakimbilia mahakamani, saa chache tu baadaye zuio likatoka, lakini nakala nyingi zilishafika mikononi mwa watu.

Mwenyekiti wa kampuni iliyofanya hayo yote ni du Cann. Aliamua yeye? Ukisoma kumbukumbu za watu wa enzi hizo Lonrho ilikuwa ni Rowland, mwenyekiti alikuwa anaongoza mkutano na kutuliza wanahisa, kazi ambayo sauti yake ile ya taratibu iliifaa kweli. Lakini bodi ya kampuni ya umma ipo kwa ajili ya kumwambia bosi kwamba sasa inatosha, na pesa zilizochomwa kwenye ugomvi wa Harrods zilikuwa za wanahisa, zimetoka kwenye migodi na mashamba ya Afrika yakiwemo ya kwenu. Hapo mimi simsamehe. Na ugomvi ule ulilichafua bunge zima, manake Mohamed Al-Fayed naye kwa upande wake akawa anawalipa wabunge waulize maswali dhidi ya Lonrho. Ilipofichuliwa Oktoba 1994 Tim Smith akajiuzulu unaibu waziri, Neil Hamilton, naibu waziri mwingine, akang'ang'ania siku chache mpaka akalazimishwa kuachia cheo, na 1997 akapoteza jimbo, na ndipo ikaundwa kamati ya Nolan iliyobana kabisa mbunge kulipwa ili aitetee kampuni. Ule mlango aliopitia du Cann maisha yake yote ulifungwa kwa sehemu kubwa kutokana na vita ya kampuni yake.

Kilichommaliza lakini kilikuwa kidogo kuliko hayo. Alikubali pia uenyekiti wa Homes Assured, kampuni iliyowalenga wapangaji wa nyumba za halmashauri ambao sheria ya Thatcher ya 1980 iliwaruhusu kununua nyumba wanazoishi. Watu wa kipato cha chini, wengi hawajawahi kukopa nyumba, wanaona juu ya karatasi jina la Sir na mbunge wa zamani wanaamini. 1989 ikafilisika na madeni ya mamilioni. Wizara ya biashara ikaanza mchakato wa kumzuia asiwe tena mkurugenzi wa kampuni, na 1991 akaachia uenyekiti wa Lonrho. Yaani yule aliyeanza kwa kumfungulia mtu wa kawaida mlango wa vipande akaishia jina lake liko juu ya kampuni iliyowaumiza watu walewale. Kwangu hili ni zito kuliko Milk Street na Harrods vikiunganishwa.

Sasa kwa ajili ya kazi yako. Du Cann mhesabu kama mwenyekiti kuanzia 1984 mpaka 1991 tu, kabla ya hapo ni mjumbe wa bodi. Maamuzi ya Kenya ya miaka ya 60 na 70, ununuzi wa Standard, namna Gecaga alivyopewa nafasi, hayo usimbebeshe, ni ya Rowland. Unapokuta sahihi yake kwenye ripoti ya mwaka angalia kurasa za nyuma zenye majina ya wakurugenzi wa kampuni tanzu, kule ndo utawakuta watu walioamua mambo ya Eldoret. Na ukipata nafasi tafuta kumbukumbu za bunge la Uingereza, ziko wazi mtandaoni bure, tafuta neno Lonrho kuanzia 1973, utasoma mwenyewe nani alisimama kuitetea na nani alikaa kimya.